Muuguzi Aliyeuza Siku Tatu

Mteja akiingia dukani kwake na kuomba dawa ya kupuliza puani, Muuguzi hakugeukia rafu. Aligeukia benchi. Alilivuta kwa mguu, akamwonyesha mteja mahali pa kukaa, kisha akauliza swali ambalo kwa miaka yote niliyoishi Garissa sikumsikia akiliruka hata mara moja: "Ya nani, na tangu lini?" Aliyejibu kwamba ni ya watu wa nyumbani alitoka mikono mitupu. Nyumba haina pua, alisema. Pua ina mwenyewe, na mwenyewe aje.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikumwuliza, na waliotaka kuniambia bila kuulizwa sikuwasikiliza. Mji ule ulikuwa na habari nyingi kuliko maji, na nusu ya habari zile hazikuwa na mtu wa kuzithibitisha. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kutoka kinywani mwake, basi. Watu walimwita daktari, naye aliwakatiza hapo hapo, hata kama wamekuja wanalia: "Mimi si daktari. Daktari yuko hosbitali. Mimi ni muuguzi." Alikuwa amestaafu utumishi wa serikali baada ya kuzunguka zahanati za Wajir na Mandera, Kutulo mpaka Lafey, kisha akafungua duka la dawa karibu na soko la mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha Wasomali wengi wa rika lake: p aliitamka b, v aliitamka f. Nimeyaacha maneno yake yalivyo, kwa kuwa nikiyasahihisha simwoni tena.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya upili, mtu wa kutoka bara. Tuliporudi kutoka likizo wenyeji walituuliza, "Kenya hawajambo?" kana kwamba daraja la Tana lilikuwa mpaka wa nchi. Nami nilikuwa na siri mfukoni mwa koti: chupa ndogo nyeupe yenye ncha, ambayo bila hiyo sikuweza kupumua. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba simwelezi Muuguzi kwa mbali. Pua iliyokuwa hatarini ilikuwa yangu, na pamoja na pua, moyo.

Lakini kwanza yeye.

Muuguzi hakuuza chupa. Aliuza siku tatu. Karatasi za baadhi ya dawa hizo huruhusu siku tano, nyingine hata saba. Yeye aliuza tatu, na aliziuza kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Katika soko la mifugo la Garissa, dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka na kuelewana kwa kubana vidole, ili wanaotazama wasijue bei. Vidole vikikubaliana, neno limefungwa, na anayelivunja hapati tena mtu wa kufanya naye biashara. Muuguzi alijua kwamba watu wake wangeweza kulipuuza andiko lolote, lakini si mkono ule. Basi alikuwa na shali ya kijani begani. Aliishusha juu ya mikono miwili, wake na wa mteja, akabana vidole vitatu, na uso wake ukawa mzito kama wa mtu anayenunua kundi zima.

"Ngabi?"

"Siku tatu, adeer," mteja alijibu, akimpa heshima ya baba mdogo.

"Na ya nne?"

"Hakuna ya nne."

"Haye. Mashahidi wamesikia." Mashahidi walikuwa wowote waliokaa kwenye benchi, hata wawe wamekuja kununua kiberiti tu. Kisha alibandika plasta kwenye chupa, akaandika jina la mwenyewe na siku ya mwisho. Siku hiyo ikifika, chupa ilirudishwa dukani, imekwisha au haijakwisha. Nimeona wanaume waliotembea kutoka ng'ambo ya mto kurudisha chupa yenye matone mawili!

Namna ya kutumia aliifundisha kwa kuitenda, akijipulizia hewa kutoka kwenye chupa tupu. Kwanza kupenga kamasi, polepole. Kisha kuinamisha kichwa mbele kidogo. "Usitazame juu kama unatafuta ndege. Dawa itashuka kooni, utaimeza, haitafanya kazi." Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio wala isichome ukuta wa katikati ya pua. Kubonyeza mara moja huku ukivuta pumzi taratibu. "Taratibu! Nani amekuambia ukorome kama ngamia?" Mwisho, kuifuta ncha na kufunga kifuniko. Nilipata kumwona akimrudisha mzee mmoja mwanzo mara nne, mpaka mzee yule akasema kwamba hata kujifunza sala hakukumchosha hivyo.

Yote hayo aliyafanya kwa kelele. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mikono isiyotulia, akieleza jambo utadhani duka linaungua. Mishipa midogo ndani ya pua, alieleza, imevimba. Dawa inaibana, njia inafunguka, unashangilia. Dawa ikiondoka, mishipa inavimba tena. Ukiibana siku nyingi mfululizo, inavimba kuliko mafua yenyewe yalivyoivimbisha, na sasa unapuliza kutibu ugonjwa ulioletwa na kupuliza. Alifumba na kufumbua ngumi mbele ya uso wa mteja kuonyesha. Mimi niliyefundisha mwendo wa vimiminika kwa miaka mingi sikuwahi kulieleza jambo kwa ngumi moja likaeleweka vile.

Na bado alikuwa mtu wa kinyume na nafsi yake. Mwenye kupima matone kwa jicho kali hivyo alitia shaah, yaani chai yake, sukari vijiko sita, nikahesabu, na nilipomwambia alijibu kwamba sukari haikuja na karatasi ya maelezo. Alichoma watu sindano maisha yake yote ya kazi, lakini alipochomwa yeye mwenyewe, wakati wa chanjo, alizimia mbele yangu kabla sindano haijamgusa. Aliwakemea wanaume wazima mbele za watu, lakini kwa mama mwenye mtoto mchanga sauti ile ilitoweka kabisa.

Nakumbuka mama mmoja aliyefika kutoka Diff, safari ya siku mbili juu ya lori, akiwa na mtoto wa miezi michache aliyezibwa pua. Mumewe alikuwa na chupa ya dawa ya watu wazima, naye mama aliileta ili aonyeshwe kiasi cha kumtilia mtoto. Walizungumza Kisomali, na kwa miaka ile nilikuwa nimejifunza cha kunitosha. Muuguzi aliichukua ile chupa, akaifungia kwenye droo kabla hajasema neno. Kisha akamwambia kwa upole kwamba dawa ile haiguswi na mtoto mdogo, hata tone, kwani kinachomfungua pua baba kinaweza kumlaza mtoto usingizi usio mzuri na kumharibia mapigo ya moyo.

"Ananyonya?" aliuliza.

"Ananyonya, anaacha, anapumua, anarudi."

"Anarudi. Vizuri. Siku akiacha na asirudi, usije kwangu. Nenda hospitali moja kwa moja."

Alimchanganyia maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, akamwonyesha kutia tone moja au mawili kila tundu na kuyafuta yanayotoka, kabla ya kunyonyesha. Kisha aliuliza iwapo wanafukiza uunsi, ule ubani wa Kisomali unaonukisha nyumba. Mama akacheka, nyumba gani isiyofukiza? Akamwomba avumilie wiki moja bila moshi. Mama yule aliondoka akimwombea dua, naye alibaki akifuta macho na kudai kwamba ni vumbi.

Kwenye benchi la duka hilo alikaa karibu kila siku dalali wa ngamia, mtu mnene mwenye ndevu za hina, ambaye alilifanya kuwa ofisi yake. Alikuwa mkarimu kupita kiasi. Kwa desturi ya sokoni, ukitoa kitu mfukoni mbele ya wenzako unawapa, na kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Hivyo dalali alipopewa chupa yake ya kwanza aliizungusha kwa madalali saba. Muuguzi alipopata habari alimwuliza kitu kimoja tu, "Mswaki wako unaazima watu?" Dalali akasema astaghfirullah. "Basi ncha imeingia kwa bua saba. Mafua ya mmoja mmegawana kama nyama ya harusi." Chupa ile ilitupwa palepale.

Kosa lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa la mwezi wa Ramadhani, na nadhani ni kosa ambalo lisingeweza kufanywa na mtu wa kwetu. Jua lilikuwa limezama punde, watu wakiwa bado na tende mkononi, dalali alipoingia ameshika kifua.

"Adeer, moyo unakimbia kama ngamia dume amekata kamba!"

"Umebuliza mara ngabi?"

"Za leo zote."

"Zote ngabi?"

"Asubuhi nilikosa, nimefunga. Mchana nikakosa. Jioni ndiyo hii. Sasa nimefanya kadha. Nimemaliza zote."

Mwislamu aliyekosa swala au siku ya saumu huilipa baadaye, na kulipa huko ndiko kadha. Dalali, mcha Mungu wa kweli, alikuwa ameilipa dawa kama anavyolipa swala, mapulizo ya siku nzima kwa dakika moja.

"Swala ina kadha!" Muuguzi alipiga meza. "Saumu ina kadha! Dawa haina kadha! Iliyobita imebita!"

"Lakini uliniambia nisikose..."

"Nilikuambia ukikosa, subiri wakati wa nyingine, moja. Si kuzikusanya kama deni la mahari! Kaa. Usiseme. Nibe mkono."

Alimshika kifundo cha mkono akitazama saa, nasi sote tuliokuwapo tukahesabu naye kimoyomoyo. Alisema wazi kwamba mapigo yakizidi dakika kumi hivyo, au kifua kikiuma, wanakwenda hospitali. Hayakuzidi. Moyo ulishuka, rangi ikarudi, na dalali akauliza kwa sauti ndogo kama kupuliza kunafunguza saumu. Muuguzi akakataa kujibu. "Hiyo muulize sheikh. Mimi niulize bua."

Nilicheka siku ile. Nilicheka sana, na chupa yangu mwenyewe ilikuwa ikinigonga mbavuni ndani ya koti.

Maana mimi nilikuwa mwerevu kuliko dalali: sikununua kwa Muuguzi. Mwalimu mwenzangu alinipa chupa ya kwanza nilipopata mafua mwezi wa kwanza, akasema inasaidia sana. Ilisaidia. Baada ya hapo niliwaagiza makondakta wa mabasi waniletee kutoka Nairobi, mbili mbili, moja ya darasani na moja ya kitandani. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nikipuliza kila saa tatu. Daktari wa hospitali alikuwa amenibadilishia vidonge vya presha mara mbili bila presha kushuka, akaanza kuzungumza juu ya kunipumzisha kazi. Sikumtajia chupa. Hakuuliza, nami niliihesabu pamoja na leso.

Kisha zikaja mvua za El Niño, na barabara ya Nairobi ikakatika. Mabasi hayakuja wiki ya kwanza wala ya pili. Chupa yangu ya mwisho niliikata kwa wembe nikafuta ndani yake kwa pamba! Siku iliyofuata, pua ikiwa imefunga kama ukuta, nilivua viatu, nikavuka matope, nikaingia dukani kwa Muuguzi. Kwenye rafu nyuma yake ziliketi chupa nne. Niliziona kabla sijamwona yeye.

"Maalim, karibu. Bole na matobe."

"Nataka dawa ya pua."

Alilivuta benchi kwa mguu. "Ya nani, na tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Nilifungua mdomo, ambao kwa kweli ulikuwa wazi tayari, nikasema, "Yangu. Tangu mwezi wa kwanza."

Dalali, aliyekuwa amekaa mahali pake, alihesabu kwa vidole akaishiwa na mkono mmoja, akaingia wa pili. "Wallahi, Maalim! Mtoto akichelewa dakika mbili unamfukuza darasani. Wewe umechelewa miezi kumi!"

"Wewe nyamaza, mtu wa kadha," Muuguzi alimwambia. Kisha kwangu: "Nani alikuandikia?"

"Mwalimu mwenzangu alisema inasaidia."

"Alisema." Hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu. "Wewe, unayemwambia kila mtu 'nionyeshe kitabu', umebuliza miezi kumi kwa sababu mtu alisema?"

Alichukua boksi moja, akatoa karatasi ya ndani, ile yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, akanipa. "Soma. Kwa sauti. Utafsirie mashahidi."

Nikasoma. Nilisoma siku za matumizi, nikatafsiri. Nilisoma habari ya uvimbe unaorudi, nikatafsiri. Nilifika kwenye mstari unaowataka wenye shinikizo la damu wamwone daktari kabla ya kuitumia, nikasimama.

"Mbona umesimama?"

"Nina presha."

"Daktari anajua hii chuba?"

"Hajui."

Muuguzi alinifunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza hewa, akasikiliza, akaandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi na kunipa kikiwa kimekunjwa. Nimefundisha shinikizo maisha yangu yote. Nilikielewa kile kipande. "Chuba ninazo nne," alisema, "na sikuuzii hata moja. Twende kwa daktari, mguu wako na wangu. Utamwambia yote mwenyewe."

Nilimwambia daktari yote. Daktari alikasirika, kisha akakubaliana na mpango ambao Muuguzi alimweleza amesimama wima kama kuruta: tundu la kushoto liache siku hiyo hiyo, la kulia liendelee kwa pulizo moja asubuhi na moja jioni, na kushoto likifunguka, la kulia nalo liache. Maji ya chumvi kwa pande zote mbili. Presha ipimwe kila siku. Chupa yenye jina langu ikae dukani.

Hivyo ndivyo mkuu wa idara ya sayansi alivyovuka matope mara mbili kwa siku, suruali imekunjwa magotini, kwenda kupulizwa tundu moja la pua mbele ya mashahidi. Soko zima lilijua saa zangu. "Maalim, kushoto wanasemaje?" waliniuliza. Kushoto hawakusema kitu. Siku ya tatu nilimsihi Muuguzi anipulize huko mara moja tu. Alinitia maji ya chumvi akanirudisha kazini. Siku ya sita nilimtukana. Aliniongezea shaah.

Siku ya tisa nilikuwa ubaoni, nimewapa kidato cha pili mgongo, nikichora mchoro, nilipogundua kwamba mdomo wangu umefungwa. Umefungwa, na mimi ni hai! Hewa ilikuwa ikiingia kushoto, nyembamba kama uzi, lakini ilikuwa ikiingia. Niliweka chaki chini. Niliwaacha wanafunzi na kitabu wazi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya katika utumishi wangu wote, nikakimbia. Nilikimbia kwenye matope yale, mtu wa umri wangu, bila kufungua mdomo, kwa kuogopa kwamba nikiufungua hewa itapotea. Nilisimama mbele ya Muuguzi nikionyesha pua kwa kidole kama bubu.

Akanielewa. Alinyoosha kidole chake, akaliziba tundu langu la kulia. "Bumua."

Nikapumua.

"Tena."

Nikapumua tena, na sauti ya pumzi ikasikika duka zima.

"Amezaliwa!" dalali alipaza sauti, akasimama, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, na Muuguzi, mkali yule, alicheka hadi shali ikaanguka.

Tundu la kulia liliachishwa siku ile ile, nalo likafunguka baada ya wiki moja nyingine. Sidai kwamba chupa peke yake ndiyo iliyopandisha presha yangu. Sina ushahidi wa kudai hivyo. Nasema tu kwamba kipande cha karatasi alichonipa mwisho wa mwezi hakikukunjwa, na vidonge vilevile vilivyoshindwa vilianza kufanya kazi. Nilibaki darasani.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1999, barua yangu ya uhamisho ikiwa imefika. Nilimkuta peke yake, amejifunga shuka, macho mekundu, mdomo wazi. Alikuwa na mafua, siku ya tano. Zake tatu alikuwa amezimaliza, na chupa ilikuwa kwenye ndoo ya taka, plasta yenye jina lake ikionekana. Nyuma yake rafu ilikuwa imejaa. Nilizitazama, naye aliniona nikizitazama.

Nje mvua ya kwanza ya msimu ilianza kugonga mabati.

"Maalim," alisema, "wewe una bua leo. Mimi sina. Nje kunanuka nini?"

Nikafunga mdomo, nikavuta kwa matundu yote mawili. Nikamwambia: vumbi linalolowa. Mbuzi waliokimbilia barazani. Jirani anakaanga buni kwa samli. Mafuta ya lori. Na kwa mbali, kutoka upande wa mto, majani ambayo jana hayakuwapo.

Alikuwa amefumba macho.

"Endelea," alisema. "Taratibu."

Nikavuta tena.